Viti vya Jirani na Kijitabu cha Kwaresima

Jumuiya yetu ndogo ya Wakatoliki hukutana Jumatano jioni huku Likoni, Mombasa, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Zamu ikifika kwetu, jambo la kwanza ni viti. Sisi tuna vinne na benchi moja, na waamini huja kumi na watano, siku nyingine ishirini. Basi mtoto hutumwa nyumba ya pili, kwa mama mmoja Mwislamu wa Kidigo ambaye marehemu mumewe alikuwa akikodisha viti vya harusi na matanga. Kabla mtoto hajamaliza salamu, mama yule huwa ameshaanza kuvitoa. "Vihesabu, mwanangu. Na kile kilichopasuka mguu usimpe mtu mzima." Tunaketi juu ya viti vyake, tunafungua kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, tunasoma habari za haki na amani. Saa mbili usiku viti vinarudi kwa mwenyewe.

Nimekuwa katika jumuiya hii zaidi ya miaka kumi, na kwa muda nimetumikia kamati ya Haki na Amani ya parokia. Ninayoyaandika hapa nayasema nikiwa ndani ya nyumba.

Kanisa halijapungukiwa maandiko. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa tamko la Nostra Aetate, na kifungu chake cha tatu kinasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Kisha kinawasihi wa pande zote mbili wayaache ya nyuma na walinde pamoja, kwa faida ya watu wote, haki ya jamii, maadili, amani na uhuru. Mwaka 2009 maaskofu wa Afrika walikutana Roma kwa sinodi nzima juu ya upatanisho, haki na amani. Februari 2019 Papa Fransisko na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyib, walitia saini huko Abu Dhabi hati ya udugu wa kibinadamu. Kwa upande wa Waprotestanti, shirika la PROCMURA, ambalo makao yake yako Nairobi, limekuwa tangu 1959 likiyafundisha makanisa ya Afrika namna ya kumshuhudia Kristo bila kumfanya Mwislamu adui. Wanaohitaji karatasi wanazo.

Na kati ya karatasi zote hizo, ninayoipenda kuliko zote ni kijitabu chetu cha Kwaresima. Kila mwaka Tume ya Haki na Amani ya maaskofu Katoliki wa Kenya hukitoa, mada moja kwa kila juma: ardhi, ufisadi, vijana, mazingira, uchaguzi. Mada huanza kwa kisa na picha. Kwanza watu huangalia: tunaona nini hapa, na kwetu kipo? Kisha hulipima jambo kwa Neno la Mungu. Mwisho huamua watafanya nini, na nani, lini. Nimeona mama asiyejua kusoma akiishika picha ile na kuieleza kuliko katekista. Nimeona jumuiya ikitoka pale na kwenda kwa chifu asubuhi yake kuuliza habari za basari zilizopotea. Chombo hiki ni kizuri. Ninachoulizia ni upana wake. Tumekitumia kwa miaka kutafuta haki yetu, na haki ya nchi kwa jumla. Haki ya jirani, ile inayomhusu yeye peke yake na isiyotuletea sisi faida yoyote, tumekuwa tukiipita. Naamini hapo ndipo mazungumzo yetu na Waislamu yanapokwama, na mfano ulio wazi kuliko yote uko Nairobi, katika jumba linaloitwa Ufungamano.

Wasomaji vijana huenda wanalijua kama ukumbi wa mikutano tu. Ni mali ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Desemba 1999, serikali ya Moi ilipotaka kazi ya kurekebisha katiba ishikwe na kamati ya Bunge, ambamo chama tawala cha KANU kilikuwa na nguvu, viongozi wa dini walikataa. Maaskofu Katoliki, Baraza la Makanisa la NCCK, Baraza Kuu la Waislamu la SUPKEM na Wahindu wakaketi pamoja kwenye jumba lile wakaanzisha mchakato wao wenyewe. Waliunda Tume ya Watu wa Kenya chini ya Dakta Oki Ooko Ombaka, ikaanza kukusanya maoni ya wananchi bila ruhusa ya Ikulu. Profesa Yash Pal Ghai alipoteuliwa kuongoza tume ya serikali, alikataa kula kiapo mpaka pande mbili ziungane, na mwaka 2001 zikaungana. Bila Ufungamano, sioni kama tungefika kwenye mkutano wa kitaifa wa katiba uliofanyika Bomas, na bila Bomas hakuna katiba tuliyo nayo.

Jina lenyewe lilikuwa na haki ya kuwa pale. Kufungamana ni kusokotana kama nyuzi za kamba, kiasi kwamba anayevuta mmoja amevuta wote. Sheikh na askofu walisimama mbele ya dola moja, wakiwa na hatari moja na dai moja.

Kisha likaja dai la Waislamu peke yao.

Mahakama za Kadhi zilikuwepo katika nchi hii kabla ya bendera. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza tangu 1895. Ili ukanda huo uingie Kenya huru, Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua. Kati ya ahadi zilizowekwa mle ni kwamba Makadhi watabaki na mamlaka yao juu ya Waislamu katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Katiba ya uhuru ikaitunza ahadi hiyo. Kwa Mwislamu wa Pwani, kadhi ni sehemu ya mkataba uliomfanya awe Mkenya.

Lakini suala la Kadhi lilianza kuwatenga viongozi wale wale tangu Bomas, 2003 na 2004, na kufikia 2010 Ufungamano haukuwa na uzi uliobaki umesokotwa. Maaskofu Katoliki na NCCK waliwaambia waamini wapige Hapana katika kura ya maoni juu ya katiba mpya. Nakumbuka tangazo likisomwa kabla ya baraka ya mwisho, na vitambaa vyekundu vya Hapana barazani nje. Sababu zilikuwa mbili: kifungu cha 26 kuhusu uhai na utoaji mimba, na kifungu cha 170 kuhusu Makadhi. Ya kwanza naiheshimu kabisa, na dhamiri yangu ilikuwa nayo. Ya pili nayo ilikuwa na hoja ya kusikilizwa, kwamba dola isiyo na dini haipaswi kugharimia mahakama ya dini moja. Mei mwaka huo huo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamesema jambo linalokaribiana na hilo.

Ila hoja hiyo haikufika kwetu ikiwa imevaa nguo hiyo. Ilifika ikiwa hofu. Mitaani na hata mimbarini tuliambiwa Kenya itageuzwa nchi ya sharia, kwamba mtoto wako Mkristo atahukumiwa na kadhi. Kifungu chenyewe kinasema waziwazi: mahakama hizo zinahusu hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, pande zote za kesi ziwe za Waislamu, na ziwe zimekubali kuhukumiwa hapo. Hayo yote yako katika sentensi moja. Katika majuma yote yale ya kampeni, sikumbuki siku moja tulipoifungua katika jumuiya tukaisoma, sisi tuliozoea kuangalia, kupima na kutenda. Na hakuna aliyefikiria kumwita jirani mmoja atueleze jinsi mama yake alivyopata fungu lake la mirathi kwa kadhi, bila wakili.

Tarehe 4 Agosti 2010 Ndiyo ilishinda kwa takriban theluthi mbili ya kura. Makadhi wapo, na nchi haikugeuzwa chochote. Kilichobaki huku kwetu ni kumbukumbu. Mzee mmoja wa msikiti aliyekuwa akija kwenye mikutano ya amani tangu vurugu za Likoni za 1997 aliniambia, bila hasira: "Tulipokuwa tukimkabili Moi mlituita ndugu. Tulipotaka chetu mkatuita hatari." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Miaka miwili baadaye Pwani iliingia gizani. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi barabarani Mombasa, na katika ghasia zilizofuata makanisa yalivamiwa na kuchomwa. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani hapa hapa Likoni, Jumapili, katikati ya ibada, wakawafyatulia risasi waliokuwa wakisali. Nilikwenda kwenye mazishi. Sitaki mtu asome makala haya akadhani nausahau uchungu ule, wala ule wa Garissa, Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa chuoni na Wakristo wakitengwa na wenzao kabla ya kupigwa risasi. Tulikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini katika miaka ile ile, vijana wa Kiislamu walikuwa wakichukuliwa. Desemba 2016 shirika la Haki Africa la hapa Mombasa lilitoa ripoti iliyoorodhesha matukio 81 ya mauaji nje ya sheria na kupotezwa kwa watu Pwani tangu 2012. Mpwa wa yule mama mwenye viti ni mmoja wa waliopotea. Alichukuliwa jioni na watu waliofika na gari lisilo na nambari, akiwa anatoka kununua mafuta ya taa. Familia ilizunguka vituo vya polisi, ikaenda mochari, ikarudi. Hakuna aliyewaambia ana kosa gani. Kama alikuwa na kosa, mahakama zipo.

Sisi tulilijua hilo, kwa maana nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta wa tofali moja na tulisikia kilio usiku ule. Jumatano iliyofuata viti vilikuja kama kawaida, tukasali. Tuliwaombea wagonjwa, wasafiri, mapadre, Baba Mtakatifu. Kijana yule hakutajwa, hata kwa fumbo. Hakuna aliyekataza. Kila mmoja alihofia kuonekana anamtetea gaidi, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye kujua zaidi. Ikapita juma, ukapita mwaka.

Kisha likaja lile la Juni 2024. Vijana waliandamana dhidi ya mswada wa fedha, Bunge likavamiwa tarehe 25, na katika majuma yale watu walitekwa Nairobi na miji mingine: kofia usoni, gari bila nambari, simu kuzimwa. Kanisa lilisema, na lilisema vizuri. Novemba mwaka huo maaskofu Katoliki walitoa tamko kali lililotaja utekaji, kupotezwa kwa watu na utamaduni wa uongo serikalini, na siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likazikataa fedha ambazo Rais alikuwa amechangia katika parokia ya Soweto. Nilijivunia kuwa Mkatoliki juma lile, na bado najivunia. Parokiani kwetu nia za maombi zilijaa majina ya vijana wa bara ambao hatukuwahi kuwaona.

Neno utekaji likawa la taifa zima. Jirani yangu alikuwa akilijua kwa miaka kumi na zaidi.

Wapo watakaoniuliza, na Waislamu nao? Wanatusemea lini sisi? Swali ni la haki, na jibu la kwanza liko kwenye barabara ya Mandera. Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi huko wakawaua watu 28 wasiokuwa Waislamu. Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine, karibu na El Wak, wakataka abiria wajitenge kwa dini. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama walivua mitandio yao wakawafunika wenzao Wakristo, na watu wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Abiria wale hawakuwa wamehudhuria semina yoyote ninayoijua.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Liko jambo ambalo sisi nasi tuna haki ya kuliweka mezani: mtu anayetoka Uislamu kuja Ukristo hapa Pwani mara nyingi hupoteza ukoo, wakati mwingine hata usalama, ilhali kifungu cha 32 cha katiba kinamlinda. Katika vikao vya viongozi wa dini jambo hilo huzungukwa kama shimo njiani. Nalielewa, kwa sababu na sisi tumezunguka la kadhi na la waliopotea. Mashehe hawatakuwa na sababu ya kulisikia la kwetu kama la kwao hawajalisikia likitoka vinywani mwetu, na anayeanza ni yule anayedai kwamba Injili ndiyo inayomtuma.

Nigusie na fedha, kwa kifupi. Katika miaka ile ya risasi, misaada mingi ya amani Pwani iliingia kwa mlango wa kuzuia itikadi kali. Ilileta mema yake. Vikao vya viongozi wa dini vilizima moto zaidi ya mmoja kabla haujawaka. Lakini ilizoesha watu mambo mawili mabaya. La kwanza, kwamba Mwislamu huitwa mezani kama tatizo linalotafutiwa dawa. La pili, kwamba mkutano wa dini mbili hufanyika hotelini, kuna posho na nauli, kuna picha ya joho na kanzu, na ukienda mtaani wiki ile ile hakuna aliyesikia kilichosemwa. Mradi ukiisha, kikao kinaisha. Viti vya jirani yangu havijawahi kuwa na mfadhili.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Haki na Amani, na wenzao wa NCCK wanaoandaa masomo yao, jambo ambalo halihitaji fedha mpya. Juma moja katika kijitabu, kila mwaka, lisiandikwe na sisi. Liandikwe na jirani: kisa chake, picha yake, maneno yake. Katika majimbo ya Mombasa, Malindi na Garissa awe Mwislamu. Kwingine awe yule ambaye parokia imemzoea bila kumsikiliza, mfugaji wa upande wa pili au mkimbizi. Jumuiya ifanye kama ilivyozoea: iangalie, ipime kwa Neno, iamue hatua moja. Masharti yawe mawili tu: hatua hiyo isitunufaishe sisi, na jirani aambiwe tumeamua nini. Juma la Mahakama za Kadhi lingekuwa la kwanza kwa maoni yangu, na kifungu cha 170 kichapwe chote ukurasani.

Padre mmoja rafiki yangu anasema hilo litawachanganya waamini, kwamba Kwaresima ni ya toba. Nilimjibu kwamba ndiyo maana nimeipendekeza Kwaresima.

Mwaka huu sikungoja kijitabu. Zamu ilipofika kwetu nilikwenda mwenyewe kuchukua viti, nikamuuliza yule mama kama atatukubalia tumtaje mpwa wake katika maombi. Alikuwa anapepeta mchele. Alinyamaza mpaka nikadhani nimekosea kufungua kidonda.

"Mtamtaja kwa jina gani?" akauliza.

"Kwa jina lake, mama. Kamili."

"Basi mtajeni na mamake. Yeye ndiye anayengoja."

Jioni alikuja, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Tulipolitaja jina la kijana na la mamake, katekista akaacha kidogo kabla ya kuendelea na nia nyingine, na hakuna aliyekohoa. Yeye alikuwa ameketi karibu na mlango, juu ya kile kiti kilichopasuka mguu, maana vile vizima alikuwa ametuachia sisi.